"Uyu hana shida": kisa cha Dieume wa Majengo wakati wa corona

Hiki kisa nimekaa nacho muda, kila nikikutana na wenzangu tunaofanya kazi hii ya kusikiliza vijana hapa Goma najikuta nakisimulia tena, na kila mara naanzia pale nilipokosea mimi. Majina nimebadilisha, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza, ili mtu wa avenyu yao asisome akasema ah, hawa nawajua.

Mama yao alikuja kwangu mwezi wa tano 2020. Hakumleta Dieume. Alimleta Soso, dada mkubwa, miaka 18, finalisti, yaani yuko mwaka wa sita anangoja egzeta (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), na masomo yalikuwa yamefungwa tangu tarehe 19 mwezi wa tatu, hakuna aliyejua yatafunguliwa lini. Soso alikuwa analia, anagombana na kila mtu kwenye parseli (uwanja wa nyumba yao), jioni anatoroka anaenda kwa marafiki zake mtaa wa Katoyi, siku moja kachukua kaye (daftari) yake ya hesabu kaitupa chooni. Mama alikuwa amechoka kweli. Biashara yake ilikuwa ya kuvuka Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, asubuhi mapema, anachukua nyanya na karoti Gisenyi anakuja kuuza Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, sasa mpaka ukafungwa mwezi huohuo wa tatu, kwa hiyo alikuwa anakula mtaji polepole na watoto wote wako nyumbani mchana kutwa. Akaniambia (hapa wananiita mama psi, yaani mama psikologi):

"Uyu mutoto atanimaliza, mama psi. Benzake biko bote muzuri. Angalia Dieume, uyu hana shida, anaikalaka tu mu nyumba, hasumbue mutu."

Na mimi kwenye kaye yangu nikaandika: kaka yake, miaka 16, hana shida. Maneno hayo bado yapo, sijayafuta.

Sasa kabla sijaenda mbele, mtu ambaye hakuwa Goma wakati ule anaweza kufikiri kukaa ndani ilikuwa kawaida. Hapana. Kinshasa, pale Gombe, walifungiwa kweli mwezi wa nne. Kwetu masomo yalifungwa, makanisa, baa, kusafiri mji kwa mji, lakini soko liliendelea, chukudu (zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo) ziliendelea, wamama waliendelea, maana hapa mtu anakula alichopata leo, nani angekaa ndani siku kumi? Vijana wa Majengo, mtaa wa kina Dieume, walikuwa wanacheza mpira juu ya mawe ya volkano kuanzia saa nne mpaka jua linazama, kashene (barakoa) ziko shingoni, polisi wakipita wanazipandisha. Kijana mmoja tu kwenye hiyo avenyu alifuata konfinema (amri ya kukaa ndani) neno kwa neno. Hilo peke yake lilitosha kunishtua na halikunishtua, kwa sababu alikuwa ametulia na mimi nilikuwa na msichana analia mbele yangu.

Soso tulimaliza naye haraka. Hasira yake ilikuwa na sababu mtu anaweza kuishika mkononi: egzeta. Tulipanga asubuhi za kusoma na wenzake wawili, tukaongea na mama apunguze kumwita mpumbavu, na tarehe 10 mwezi wa nane mafinalisti waliporudishwa darasani akarudi akiwa anaimba. Akafanya egzeta, akapata. Nikafunga dosie.

Mwezi wa kumi na moja simu inalia. Mama Soso. Wanafunzi wengine wote walirudi tarehe 12 mwezi wa kumi, na Dieume tangu siku hiyo ameenda mara mbili tu. Asubuhi anaamka, anavaa blu-blan (sare ya shule) yake vizuri, anakunywa chai, halafu tumbo. Anajikunja pale kwenye kiti. Wakampeleka kupima minyoo, wakampa dawa za minyoo. Wakampima malaria, hakuna. Ikifika saa tatu, wenzake wako darasani, tumbo limepona. Baba yake akasema ni uvivu, mama akaanza kufikiria maombi ya siku tatu.

Nilienda nyumbani kwao. Dieume alinisalimia vizuri sana, kijana mwenye adabu, akaniletea kiti. Nikamuuliza kama anaogopa kuambukizwa corona pale masomoni, maana ndicho kila mtu alikuwa anafikiria. Akaangalia chini, akacheka kidogo.

"Apana, siogope corona. Corona ilinipumuzisha."

Ilinipumzisha. Nikarudia hilo neno kichwani njia nzima ya kurudi. Kesho yake nikamwita mama peke yake nikamwambia tuache mambo ya corona kwanza, niambie huyu mtoto alikuwaje akiwa na miaka 13, na mama akanyamaza kwanza, halafu akaanza kutoa.

2017. Baba yao alikuwa kambisti, anabadilisha dola na franga, meza yake ilikuwa Birere. Usiku mmoja watu wenye silaha wakaingia parseli, walijua kuna pesa. Walimpiga baba risasi mguuni mbele ya watoto. Hakufa. Pesa ikaenda, meza ikaenda, na mguu ulichukua miezi. Wote walikuwa wanamwangalia baba. Dieume ndiye alianza kulala karibu na mlango, na kila usiku kabla ya kulala anachukua bido (dumu) ya njano ya lita 20, imejaa maji, anaisukuma mpaka iguse ubao wa mlango. Mlango ukisukumwa, bido inakwaruza sementi, yeye anaamka. Mama alikuwa anaamka saa nane usiku anakuta mtoto amekaa, macho wazi, mkono juu ya bido.

Na asubuhi, tumbo. Tumbo lilelile. Mwaka mzima wa 2017 kwenda 2018 alikosa siku nyingi za masomo. Waliombea, walimpa dawa za minyoo (hizo dawa za minyoo zimemeza shida nyingi sana za akili hapa kwetu), wakasema ni utoto utaisha.

Na kweli iliisha, au ilionekana imeisha, na jinsi ilivyoisha ndiko kuna uhondo. Mwalimu wake mmoja, titileri (msimamizi wa darasa), hakujua chochote cha psikolojia, alikuwa tu amechoka kuona hiyo nafasi wazi. Akamwambia, wewe utakuwa unapiga kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori imetundikwa kwenye mti kwa waya, unaipiga na chuma. Mpiga kengele lazima afike wa kwanza. Dieume akaanza kufika saa moja kasorobo, tumbo linauma njiani lakini kengele haiwezi kujipiga, na baada ya kama mwezi tumbo likaanza kuchoka lenyewe. Bido ikarudi jikoni.

Sasa angalieni kitu hiki. Mwezi wa saba 2019 Ebola ikaingia Goma. Tarehe 14. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa, ile epidemi ilianza mwezi wa nane 2018 kule Mangina na mpaka inatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ilikuwa imeua watu 2287. Ebola na corona kwa macho ya mtoto wa Goma haviko kwenye mizani moja, Ebola ilikuwa kitu tunachokijua kwa majina ya marehemu. Na Dieume? Mama anasema hakutetereka. Alirudi masomoni, akanawa mikono kwenye ndoo ya klori, akapimwa joto kwenye barieri, akapiga kengele yake. Ugonjwa wa kutisha zaidi ulimpita, halafu ule ambao vijana wengi hapa walikuwa wanauita wa wazungu ukamwangusha. Ukitafuta jibu kwenye woga wa virusi hutalipata. Ebola haikumwondolea kengele. Corona ilimwondolea.

Ndiyo hapo nilielewa kosa langu. Mtoto ambaye zamani alijifunza kwamba ukikaa nyumbani tumbo linapona, amejifunza kitu cha hatari, kwa sababu ni kweli. Kila asubuhi anayobaki anapata raha papo hapo, na ile raha inamlipa, na kesho mlango unakuwa mzito zaidi kidogo. Hicho kitanzi kengele ilikuwa imekikata. Halafu serikali ikatangaza, kwa sababu nzuri kabisa, kwamba kila mwanafunzi abaki nyumbani. Miezi karibu saba! Hakuna anayemuuliza, hakuna anayemwita mvivu, kwa mara ya kwanza ugonjwa wake na sheria ya nchi vinasema kitu kimoja. Ndiyo maana alikuwa mtulivu. Soso alikuwa anateseka na konfinema, Dieume alikuwa anajificha ndani yake, na sisi watu wazima tukampa alama nzuri yule aliyejificha.

Kuna watafiti kule Zurich, Uswisi, ambao wamekuwa wakifuata watoto walewale tangu walipoanza shule ya msingi 2004, wakiwauliza mambo yao mwaka baada ya mwaka. Corona ilipoingia 2020 hao watoto walikuwa vijana wa kama miaka 22, wakawauliza 786 kati yao wanaendeleaje. Kilichotabiri zaidi nani angekuwa na dhiki kubwa ya moyo kilikuwa dhiki aliyokuwa nayo kabla. Na kilichowabana zaidi kilikuwa maisha kuvurugika na pesa kukatika, kuliko virusi vyenyewe. Waliosema wanafuata ratiba ya siku, wanafanya mazoezi ya mwili, wanajaribu kulitazama jambo kwa upande mwingine, walikuwa na dhiki ndogo zaidi. Waliosema wanatafuta msaada wa watu au wa wataalamu walikuwa na dhiki kubwa zaidi, na hapa naomba mtu asikimbilie kusema basi msaada unaharibu, ni kama kusema hospitali inaleta ugonjwa kwa sababu imejaa wagonjwa. Anayelia ndiye anatafuta mtu wa kumlilia. Soso.

Mimi Zurich siichukui nzima nikaileta Majengo, kule maisha ni tofauti kabisa na ya hapa. Lakini lile la kwanza, la dhiki ya kabla, naona linashika hapa hata zaidi. OMS (Shirika la Afya Duniani) nao wakati ule walikuwa wanasema kwamba nusu ya matatizo ya akili yanaanza kabla mtu hajapita miaka 14. Dieume alikuwa na 13. Kama mwezi wa tano ningemuuliza mama swali moja tu, "kati ya watoto wako nani alikuwa na shida ya usingizi au ya masomo kabla ya corona?", angenitajia huyo huyo asiye na shida.

Kabla ya kupanga chochote nilimuuliza yale maswali magumu, peke yake, bila mama. Kama anasikia sauti, kama anakula, kama kuna siku anatamani kufa. Kumuuliza kijana kuhusu kufa hakumwekei wazo kichwani, hilo watu wengi bado wanaliogopa. Akasema hapana, siku nyingine anatamani tu kila mtu amsahau. Kama angesema ndiyo, au angekuwa ameacha kula, ningempeleka Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili cha Bafreri (watawa wa Kikatoliki), siku hiyohiyo bila kujali majirani watasema nini.

Tukaanza kupanga, halafu tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili serikali ikafunga masomo tena na kuweka kuvrefe (marufuku ya kutoka usiku) kuanzia saa tatu usiku. Mama alinipigia akinung'unika. Nikamuuliza: na Dieume kaipokeaje? Mama akasema, "Alicheka, mama psi. Siku mingi sikumuona anacheka vile." Kwa mama ilikuwa habari nzuri. Mimi nilikaa kitandani nikashika kichwa.

Lakini kufungwa kwa pili kulitusaidia, kwa sababu safari hii tulijua tunapambana na nini. Tulikuwa na wiki tisa. Hatukusema neno "masomo" hata siku moja mwanzoni. Kwanza kuamka saa kumi na mbili kila siku, jumapili pia. Halafu bido: yeye ndiye atachota maji, bido ileile, kwenye robine (bomba) ya mtaa wa juu, saa moja asubuhi wakati foleni ya watu ni ndefu na lazima usimame na uongee. Wiki ya kwanza alirudi mara mbili bila maji. Soso alikuwa anaenda naye, anakaa mbali kidogo, na huyo msichana tuliyemwita tatizo la nyumba alikuwa na subira ambayo sikuitegemea. Halafu kutembea mpaka geti la masomo likiwa limefungwa, hakuna mtu, unagusa geti, unarudi. Tumbo likiuma? Liume. Unahesabu dakika ngapi limeuma, unaniandikia kwenye karatasi. Dakika 40. Dakika 35. Dakika 40 tena. Dakika 15.

Kilichonizuia usingizi kilikuwa baba. Alikuwa mkali kwa mtoto, "mutoto wa kiume gani anaogopa barabara", na nilikuwa nimepanga kumfundisha kidogo jinsi ya kuongea na kijana. Nikamwita. Akaja, akakaa, akanyoosha ule mguu. Niliongea kama dakika kumi hivi, hakujibu chochote. Halafu akasema polepole:

"Mama psi, miye pia tangu ile siku sijafika Birere. Banazania iko ju ya muguu. Muguu ilishaka kupona zamani."

Miaka mitatu. Miaka mitatu mtoto anamwangalia baba yake anabaki nyumbani, na kila mtu kwenye hiyo parseli anaita mguu. Nani angemfundisha kutoka? Kwa hiyo mpango ukabadilika, jumamosi mbili baba na mwana walishuka pamoja Birere, mara ya kwanza waliishia njiani wakanunua mandazi wakarudi, mara ya pili walifika mpaka pale meza ilipokuwa. Kuna mtu mwingine anauza kadi za unite (vocha za simu) pale sasa. Walisimama, baba akanunua unite ya franga 500, wakarudi. Dieume anasema hawakuongea neno njia nzima, na kwamba ilikuwa siku nzuri.

Tarehe 22 mwezi wa pili 2021 masomo yakafunguliwa. Kengele ilikuwa na mtu mwingine, hilo tulilitegemea, kwa hiyo tulikuwa tumemwomba mkuu wa nidhamu ampe Dieume kazi ya kujaza ndoo za kunawa mikono kabla ya wengine kufika, akakubali. Siku ya kwanza akafika, akajaza ndoo, akaingia darasani. Na mwalimu mmoja, mbele ya watu 60, akasema: "Eh! Mufu amefufuka!" Darasa likalipuka. Nafikiri alitaka kuchekesha tu, labda hata kumkaribisha kwa njia yake. Dieume alikaa nyumbani siku nne. Siku ya tano hakuna aliyemsukuma, aliamka akasema ndoo zitakuwa tupu, akaenda. Hapo ndipo mimi nilianza kuamini.

Ningeweza kuishia hapo lakini Goma haimwachi mtu aishie anapotaka. Tarehe 22 mwezi wa tano, jumamosi jioni, Nyiragongo ikalipuka. Usiku ule kila mtu barabarani, mbingu nyekundu, halafu siku tano za tetemeko, halafu asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi anaamuru kartie (mitaa) 10 kati ya 18 zihame, na Majengo imo. Familia ilitembea mpaka Sake, baba na mguu wake, mama na sufuria kichwani, wakalala kwenye darasa la shule moja na watu wasiowajua. Soso alinipigia kutoka huko. Nikamuuliza habari za Dieume. Soso akasema usiku halali, amepata bido ya mtu ameiweka kwenye mlango wa darasa, lakini mchana ndiye anasimamia foleni ya maji ya watu wote pale, ana karatasi, anaandika majina.

Nilifurahi nusu. Zile usiku bila kulala sikuzipenda na bado sizipendi, na nimewaambia wazazi kwamba kila mshtuko mkubwa utamrudisha kwanza mlangoni, wasishangae, waangalie asubuhi anafanya nini. Waliporudi mwezi wa sita na masomo yakaendelea, siku ya kwanza tumbo lilimuuma akabaki. Siku ya pili akaenda.

Mwezi wa saba nilipita kuwasalimia. Soso hakuwepo, baba alikuwa ametoka, ametoka kweli, mama anasema siku hizi anaenda kukaa na wenzake kule chini. Bido ya njano ilikuwa imesimama karibu na mlango, kikombe cha plastiki juu yake. Nikaiangalia, mama akaona naiangalia. Nikamuuliza, hii ni ya kunywa au ni ya mlango?

"Iko ya byote bibili, mama psi. Ikala, nikuletee chai."